Gia Nyepesi ya Mwende

Kila Jumamosi asubuhi kibaraza cha nyumba yetu mtaani Mbotela kilinuka mafuta ya taa. Dada yangu Mwende aliyatumia kuosha cheni ya baiskeli yake ya mashindano kwa mswaki mkuukuu, huku Mama akilalamika kwamba hata chai ilikuwa imeanza kunuka. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, ndiye aliyeileta baiskeli hiyo kutoka Mombasa, ikiwa tayari imetumika. Mwende alikuwa na miaka kumi na minane, mimi kumi, na mtaani hakuna aliyeweza kumfikia akiwa juu ya baiskeli hiyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha gia. Aliipindua baiskeli, akaniachia pedali niizungushe kwa mkono. "Hesabu, Kanini," aliniambia. "Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara ngapi?" Cheni ilipokaa kwenye duara kubwa la meno mbele na lile dogo kabisa nyuma, gurudumu lilizunguka zaidi ya mara nne. Hiyo ndiyo gia nzito, ya mteremko. Kisha akaihamishia kwenye dogo la mbele na kubwa la nyuma, na gurudumu likazunguka mara moja na nusu tu. "Hii ni nyepesi, ya mlima. Husongi sana, lakini miguu haifi." Akanionyesha pia kichuma chembamba kinachoshikilia mtambo wa kuhamisha cheni. "Hiki kikipinda, ukiweka gia nyepesi mtambo unaingia kwenye spoki. Usiwahi kuiangusha baiskeli upande huu."

Niliiangusha. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake kulikuwa na mashindano ya kuchagua wasichana wawili wa timu ya baiskeli. Mwende alikuwa ameenda dukani. Nikaipanda, miguu haikufika, nikaanguka nayo upande wa kulia. Niliipangusa vumbi, nikaiegemeza ukutani kama nilivyoikuta.

"Umeigusa?" aliniuliza aliporudi.

"Sijaigusa," nikasema, naye akaniamini.

Kesho yake mimi na Mama tulisimama karibu na kilele cha mlima mmoja nje ya jiji. Mwende alitokea akiwa wa pili. Hadi hapo hakuwa ameihitaji ile gia nyepesi kuliko zote. Akaiweka. Tulisikia chuma kikisagana, gurudumu likakwama, akaanguka, na msichana aliyekuwa nyuma akampitia juu ya goti. Lilifanyiwa upasuaji mara mbili, lakini halikukunjika tena vizuri.

Sasa Mwende anauza mapazia Eastleigh, akisimama kutwa nzima kwa mguu huo. Mwaka jana nilienda kwake, mtaa wa Tena, nikamweleza yote. Alikuwa akichambua mchele, na mikono yake haikusimama.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Nilitaka ujue."

"Miaka yote hii nimejilaumu kwamba sikuikagua," akasema. "Kujilaumu huko nilikuwa nimeshakuzoea."

Niliomba msamaha. Akaendelea na mchele wake, nami nikakaa mpaka nikaona ninamzuia kupika. Zamani aliweza kunieleza jambo moja mara kumi bila kuchoka. Siku hizi tukikutana kwa Mama hunipa mkono, akaniuliza habari za kazi, halafu akaenda kukaa upande wa pili wa chumba.