Jumapili Bendi Iliponikuta Nimeshaanza

Kazi ya kuchezesha santuri nilitafutiwa na kaka yangu. Naanzia hapo kwa sababu watu wengi walionijua baadaye walidhani niliipata kwa ujanja wangu, nami kwa miaka mingi niliwaacha wadhani hivyo.

Kaka alikuwa mpiga tarumbeta. Alijifunza kwenye bendi ya kanisa kwetu magharibi, na miaka michache baada ya uhuru akaja Nairobi na tarumbeta yake ndani ya mfuko wa unga. Alijiunga na bendi ya watu sita iliyopiga katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mimi nilimfuata baadaye. Nilikaa naye Kangemi katika chumba kimoja alichokigawa kwa pazia la maua. Upande mmoja alilala yeye na mkewe, na upande wa pili nililala mimi, jiko na madebe ya maji.

Mchana nilifanya kazi kwa mfanyabiashara wa Kihindi karibu na River Road, duka la redio, gramafoni na santuri. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kumwekea mteja santuri aisikie kabla ya kununua. Nilizijua nyuso za watu pale dukani. Mtu akisikia wimbo unaomgusa, shingo hutangulia, mguu hufuata. Nikawa namtazama mteja akiingia mlangoni na najua atataka nini, rumba ya Kongo au muziki wa Wamarekani weusi, na mara nyingi sikukosea. Lakini sikuweza kuuacha wimbo umalizike. Nikiusikia mpaka katikati, mkono unawasha kutaka unaofuata.

"Wacha imalize, wewe," tajiri alikuwa akiniambia bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. "Mteja anasikiliza."

Nilikuwa hivyo kwa kila kitu. Chai niliinywa nikiwa nimesimama. Jioni badala ya kupanda basi nilitembea kutoka mjini hadi Kangemi, kupitia Westlands, kwa sababu kukaa kwenye kiti nikisubiri safari iishe kulinichosha zaidi ya kutembea.

Ule ukumbi ulikuwa na dansi ya Jumapili alasiri. Ilianza saa nane na kwisha saa kumi na mbili, ili wanafunzi wa uuguzi, makarani na watumishi wa majumbani warudi walikotakiwa kuwa kabla ya giza. Bendi ilipumzika mara mbili, robo saa kila mara, na katika robo saa hiyo watu walitoka kwenda kusimama roshanini, wengine wasirudi. Meneja alilalamika. Ndipo kaka akamwambia, mimi nikiwa nimesimama pale pale, "Ndugu yangu anafanya kazi duka la santuri. Mpe mashine, achezeshe santuri sisi tukipumzika."

Tajiri wangu alikubali kuniazima santuri kila Jumamosi, mradi nizirudishe Jumatatu bila mkwaruzo. Hakuwa mjinga. Jumatatu ya kwanza tu walikuja watu wanne kuulizia nyimbo walizozisikia ukumbini.

Siku ile ya kwanza nilipewa mashine moja. Kila santuri ilipokwisha palikuwa na kimya wakati naiondoa na kuweka nyingine, na katika kimya hicho nilisikia viatu vya watu wakienda zao. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia kimya kile. Nikaomba mashine ya pili. Dukani nilikuwa nimeona jinsi nyaya zinavyounganishwa, nikaziunganisha zote mbili kwenye amplifaya moja, na kuanzia hapo wimbo mmoja ulikuwa haujafa mwingine ukiwa umeshaingia. Watu wakaacha kwenda roshanini. Robo saa ikawa nusu saa, na nusu saa ikawa saa nzima.

Mwanzoni bendi ilifurahi. Wanamuziki walipata muda wa kunywa soda na kupepea mashati yao. Kaka alikuja kusimama karibu nami, akijifuta midomo kwa kitambaa, na akatazama watu wakicheza.

"Hapo umewashika," alikuwa akisema. Alisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha wenzake mtoto wake.

Jumatano moja saa ya chakula cha mchana, meneja wa ukumbi alikuja dukani. Alijifanya anatazama redio, kisha akanisogelea.

"Unaweza kushika alasiri nzima peke yako?"

"Na bendi?"

"Bendi nitaongea nao mimi. Nakuuliza wewe, unaweza ama huwezi?"

Nilisema naweza. Sikumwambia anipe siku mbili nifikirie, wala sikumwambia nitazungumza kwanza na kaka. Neno lilitoka upesi kama mkono wangu ulivyozoea kuondoa santuri.

Jioni ile nilitembea nyumbani nikipanga jinsi nitakavyomwambia. Nilipofika nikamkuta anacheka na jirani mlangoni, nikaona si wakati wake. Alhamisi alikuwa amechoka. Ijumaa nilichota maji mpaka shemeji yangu, mke wa kaka, akatoka nje na kusimama mbele yangu.

"Shemeji, una nini? Madebe yote yamejaa na wewe bado unaenda kisimani."

"Sina kitu."

"Basi keti ule."

Nilikula nikiwa nimesimama. Jumamosi kaka alipiga pasi shati lake jeupe, lile la bendi, kwa pasi ya makaa, taratibu, akianza na kola. Mimi nilikuwa upande wangu wa pazia nikipanga santuri kwenye sanduku, nikizitoa na kuzipanga tena. Nilijiambia meneja ameshaongea nao. Lakini mtu aliyeambiwa hana kazi hapigi shati pasi. Nililijua hilo, na bado sikufungua mdomo.

Jumapili asubuhi niliondoka kabla hawajaenda kanisani. Niliaga kwamba tajiri ananihitaji. Saa saba na nusu nilikuwa ukumbini, na kwa sababu watu walikuwa wameanza kupanda, meneja akaniashiria nianze mapema. Nikaanza.

Bendi ilifika ikiwa imebeba vyombo vyake. Kutoka pale nilipokuwa, juu ya jukwaa, niliona mlango vizuri. Meneja aliwazuia pale pale mlangoni, akawa anaongea huku ameweka mkono kifuani. Mpiga ngoma alikuwa anabisha, vidole vinacheza hewani. Kaka alikuwa nyuma yao, na kwa kuwa ni mrefu, kichwa chake kilionekana juu ya vichwa vyote. Hakumtazama meneja. Alikuwa ananitazama mimi.

Santuri iliyokuwa inacheza ilikuwa imebakiza kama dakika mbili. Dakika mbili zinatosha kuvuka ukumbi, kumshika mtu mkono na kusema maneno matatu. Nilijua zinatosha. Niliinama nikaitafuta santuri inayofuata, nikaifuta, nikaweka sindano. Nilipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu.

Alasiri ile watu walicheza kuliko siku zote. Wasichana wa uuguzi walivua viatu vyao vya soli nene na kuvipanga ukutani. Meneja aliniletea soda kwa mkono wake mwenyewe. Nami nilikuwa nabadilisha nyimbo haraka haraka, sijui ninakimbilia wapi.

Nyumbani nilimkuta kaka ameketi mezani, shati jeupe limetundikwa. Shemeji alikuwa anageuza ugali, ametupa mgongo.

"Ulijua lini?" kaka akaniuliza.

"Jumatano."

"Leo ni Jumapili."

Niliweka sanduku la santuri chini.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekaa nyumbani."

Hakupandisha sauti. Shemeji aliweka chakula cha watu wawili kwenye sahani moja kama kawaida, na tulikula kutoka sahani hiyo moja bila vidole vyetu kukutana. Wiki ile nikahama. Hakuna aliyenifukuza.

Miaka iliyofuata ndiyo watu wanayoikumbuka wanaponiona. Niliuacha ukumbi ule baada ya miezi michache, nikaenda mwingine, kisha mwingine. Nilikuwa na nywele nyingi kichwani, suruali ya miguu mipana na shati lenye kola kama mabawa. Mjini watu nisiowajua walinisalimia, wakaniuliza Jumapili nitacheza nini. Kumbi nyingi zikaanza kuachana na bendi. Mashine mbili hazilewi, hazigombani na hazihitaji chumba cha kubadilishia nguo. Nilimsikia meneja mmoja akisema hivyo, akacheka, nami nikacheka naye.

Lakini sikutulia popote. Nilipanga chumba Kawangware, nikahamia nyuma ya nyumba ya watu Westlands, nikarudi Kawangware mtaa mwingine. Kulikuwa na mwanamke, mshonaji, aliyenivumilia karibu mwaka mzima. Siku aliyoniacha aliniambia hajawahi kuniona nikimaliza sahani ya chakula. Nilitaka kumbishia, nikatazama sahani iliyokuwa mbele yangu.

Habari za kaka nilizipata kwa shemeji, ambaye alikuwa akipita dukani mara moja moja. Bendi ilivunjika. Kaka alipata kazi katika hospitali kubwa ya serikali kule mlimani, kusukuma vitanda vya wagonjwa. Nikaanza kumpa shemeji sukari na majani ya chai apeleke nyumbani.

"Anasemaje?" nilimuuliza siku moja.

"Anakunywa chai yake. Haulizi sukari imetoka wapi."

"Anajua?"

"Shemeji, huyo ni ndugu yako. Anajua."

Angenirudishia ile sukari, ingekuwa nafuu.

Kisha sikio langu la kulia likaanza kupiga filimbi. Kwa miaka nilikuwa nimesimama na spika upande huo. Mwanzoni filimbi ilikuja baada ya dansi na kuondoka asubuhi, halafu ikaacha kuondoka. Ilikuwepo nikila, nikioga na nikiongea na tajiri. Kwa mtu asiyejua kukaa, sauti isiyobadilika ni mateso makubwa. Nilivumilia miezi kadhaa, mwishowe nikaenda hospitali.

Nilijua kaka anafanya kazi pale. Nilijiambia ni pakubwa, hatutaonana. Nilikaa kwenye benchi katika ujia mrefu, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Nikiwa nimesimama, nikamwona anakuja akisukuma kitanda chenye magurudumu, juu yake mama mzee aliyefunikwa mpaka shingoni. Kaka alikuwa amevaa koti la kazi la samawati. Alikuwa anasukuma polepole kwa makusudi, akikwepa mashimo ya sakafu asimtikise mgonjwa. Alipita mbele yangu bila kusimama. Nikadhani ndivyo itakavyokuwa. Baada ya kumfikisha yule mama alikokuwa akienda, alirudi.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

Alitoa kwenye mfuko wa koti andazi lililofungwa kwa gazeti, akalikata, akanipa kipande kikubwa. Tukakaa kwenye benchi. Alikuwa ameketi upande wangu wa kulia na maneno yake ya kwanza sikuyasikia. Nikamweleza juu ya sikio. Aliinuka bila kusema kitu, akazunguka, akaketi kushoto.

Nilimwambia niliyokuwa nimeyapanga tangu Jumatano ile ya zamani. Hayakutoka nilivyoyapanga. Nilimwambia nilimwona mlangoni, kwamba nilikuwa na dakika mbili, na sikuja. Aliendelea kutafuna.

"Sikuondoka na wenzangu," akasema. "Nilikaa kwenye ngazi. Nyimbo nne nzima. Nilikuwa nangoja ukosee."

"Nikosee vipi?"

"Uweke wimbo mbaya. Watu waache kucheza, meneja atuite. Nilikuwa naomba Mungu kabisa, na tarumbeta iko magotini." Alikunja gazeti vipande vinne. "Hukukosea. Kila ulichoweka ndicho hata mimi ningeweka. Hiyo ndiyo iliniuma, si kazi. Kazi hupatikana."

Nilitaka kusema nisamehe, akaniwahi.

"Wanakuita," akasema, akanionyesha mlango kwa kidevu, kwa sababu nilikuwa sijasikia.

Daktari aliniambia niiache kazi ile. Sikuiacha siku hiyo. Niliendelea karibu mwaka, pamba masikioni, nikichezesha kwa kutazama shingo za watu zaidi ya kusikiliza. Siku niliyoweka wimbo mmoja mara mbili mfululizo bila kujua, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama, nilizima mashine mwenyewe, nikashuka. Duka la santuri nilikuwa nimeliacha mwaka ule ule, na tajiri wangu wa zamani alikuwa amelihamishia Westlands. Alinirudisha kwenye kaunta bila maswali mengi, akasema tu kwamba sasa labda nitaziacha santuri zimalize.

Jumamosi mchana, kaka akiwa hana zamu, tulianza kukutana soko la Kenyatta kula nyama choma. Yeye ni mtu wa kula taratibu. Huchambua mfupa mpaka uwe mweupe, huku akinisimulia habari za wodi, nani amepona na nani amerudishwa nyumbani. Mimi mguu wangu chini ya meza hautulii mpaka leo. Nilishamwuliza mara moja kama unamsumbua.

"Unatikisa meza," akasema. "Shika kachumbari isimwagike."

Nikalishika bakuli kwa mkono mmoja, tukaendelea kula.