Taya la Kasuku

Kinyozi mmoja mtaa mzima ulimwita Kasuku, maana mikono yake ingeweza kupumzika lakini mdomo hapana. Tangu mkewe aende ng'ambo kulea watoto wa watu, hakuwahi kukiri kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Mke akipiga simu, alimjibu kwa mzaha: "Sisi wazima, mama watoto. Hata hatukukumbuki!" Simu ikikatika, alibaki ameegemea ukuta, akilitazama sweta la mkewe lililotundikwa nyuma ya mlango.

Binti yao ndiye aliyeanza kulalamika. "Baba, ukilala unasaga meno mpaka chumbani kwangu nasikia. Unatafuna kokoto?"

Akacheka. Wiki ile ile, akiwa katikati ya porojo na mteja kanyolewa nusu kichwa, taya likagoma. Mdomo ulifunguka kidogo, ukakwama. Waliokuwa wakisubiri zamu walidhani anawafanyia vituko, wakaangua kicheko.

Daktari wa meno, mwanamke mpole, alimpapasa mashavu mpaka taya likaachia kidogo, kisha akammulika kila pembe. "Jino halijatoboka, baba, ila magego yamelika yakawa bapa. Unayakaza usingizini, na hata sasa naona umeyakaza. Mara nyingi mawazo huchangia. Kuna linalokusumbua?"

"Hakuna, daktari. Mimi mtu wa furaha, waulize mtaani."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu." Akajisahihisha: "Wawili." Machozi yakamtoka palepale kitini.

Alipewa kinga ya plastiki ya kuvaa menoni akilala, akafundishwa kulegeza taya: midomo ifungwe, meno yasigusane. Mkewe alipopiga jioni ile, mzaha ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Nimekukumbuka, mke wangu. Chai ikiwa tayari bado nakuita."

Mkewe akaangua kilio. "Nilidhani mmeshazoea. Mimi huku kila nikipakulia watoto wa watu, najiuliza wangu kala nini."

Waliongea mpaka binti akaipokonya simu. Mkataba ulikuwa bado mrefu, wala hakuna aliyejidanganya kwamba mama angerudi karibuni. Taya lilianza kulegea polepole, ingawa asubuhi nyingine aliamka linamuuma, hasa akiwa amemwota mkewe yupo jikoni anamcheka. Siku hizo alinyoa watu bila porojo. Wakimuuliza kulikoni, alijibu tu, "Mke wangu yuko mbali," na kuinamisha taratibu kichwa cha mteja.