Siku Madam Nakato alipowasha mtandao wa Nakasero kwa Kiswahili

Wakuu, habari za humu.

Nawaletea jambo lililonikuta mwenyewe, sijatia chumvi. Mwenye shaka aulize, nitajibu.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Bungoma. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa mitandao Kampala, kwenye kampuni moja pale Nakasero. Jina la kampuni naliacha.

Vijana mnaojua wifi tu, nisikilizeni kidogo.

Enzi hizo kulikuwa na kompyuta moja kubwa ofisini. Kila tawi lilikuwa na terminal, yaani skrini na kibodi tu, iliyounganishwa na sisi kwa laini ya simu. Katikati palikaa sanduku zito la chuma, controller. Kazi yake ni kuita terminal moja moja: una kitu? Ikiwa nacho, linapokea. Ikinyamaza, linaenda kwa inayofuata.

Bila hilo sanduku zote zinaongea kwa mpigo, na hakuna inayosikika.

Letu lilikufa. Mkurugenzi akapata jingine lililokwisha kutumika, na fundi anayelijua akaja kutoka Lubumbashi. Aliitwa Ilunga. Kifaransa anacho, Kiswahili anacho. Kiingereza hata cha kuombea maji hana.

Mkuu wa chumba cha kompyuta alikuwa Madam Nakato, Muganda, mama mpole lakini kazini hana mchezo. Kiswahili hakukitaka kabisa.

Mliokaa Kampala mnaelewa. Aliniambia mara moja tu, kwa Kiingereza, kwamba hiyo lugha aliisikia kwa watu wenye bunduki, kwenye roadblock, kizuizi cha barabarani, wakati wa vita, siku waliyomshusha baba yake kwenye gari. Mzee hakurudi.

Sikugusia tena.

Basi mkalimani nikawa mimi. Shida ikawa maneno. Controller tukaiita kidhibiti, terminal tukaiita kituo. Ile kuita terminal kwa zamu, wenyewe wanasema polling, nikasema "kuuliza". Ilunga akakataa.

"Hapana, ndugu. Kidhibiti haiulize. Inaita jina, kituo inaitika. Kama mwalimu na wanafunzi."

Tukakubaliana: mwito na kuitika. Na address ya kila kituo, yaani namba inayokitambulisha, tukaiita jina. Nikayaandika yote ubaoni. Madam Nakato alikuwa anatazama tu.

Siku ya kuwasha, mkurugenzi alitamka wazi: hilo sanduku likishindwa, kazi yote inahamia Nairobi na chumba cha kompyuta kinafungwa. Madam alikijenga kile chumba tangu kikiwa stoo.

Mimi nikatumwa tawi la Mbuya kukaa na kituo cha huko, simu ya mezani sikioni, niwatafsirie kutokea huko huko wale wawili waliobaki Nakasero na simu yao ya spika.

Terminal ya tawi la Ggaba ikawashwa kwanza, ikafanya kazi safi. Nikawasha Mbuya.

Wakuu, skrini ikajaa takataka, herufi zisizosomeka! Na Ggaba nayo ikaharibika hapo hapo.

Kwenye simu namsikia Ilunga: "Laini ya Mbuya ni mubaya. Ninazima yote."

Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, sauti ya mwanamke ikapasuka:

"Fundi, ngoja! Wewe usizime!"

Nikadhani kuna mtu mwingine ameingia.

"Laini iko sawa! Kidhibiti inaita jina moja, vituo mbili inaitika! Mbuya na Ggaba, jina yao ni moja!"

Kisha Ilunga, taratibu: "Eh, mama. Ni kweli."

Halafu Madam Nakato, maana ndiye alikuwa yeye, akanigeukia mimi. "Na wewe wa Mbuya, angalia nyuma ya kituo. Kuna swichi ndogo. Badilisha jina!"

Nikageuza ile terminal, nikasogeza swichi, nikawasha upya. Maandishi ya Nakasero yakaanza kushuka mstari kwa mstari, masafi kama maji. Nilipiga kelele mpaka askari wa getini akaja mbio kuona nani kaumia.

Niliporudi Nakasero niliwakuta wanakunywa chai. Nikamuuliza, "Madam, Kiswahili umejifunza lini?"

Akanijibu kwa Kiswahili.

"Nilikuwa naelewa zamani sana. Nilikataa tu kukiweka mdomoni. Leo nilitaka fundi anisikie mimi mwenyewe."

Nikajimiminia chai.

Kazi haikuhamia Nairobi. Baadaye tulipoajiri vijana wa zamu, wengi watoto wa wanajeshi na polisi kutoka kaskazini, waliokua na Kiswahili cha kambini, Madam Nakato ndiye aliyewafundisha, kwa Kiswahili, na cha kwake kilikuwa kinatembea kwa mguu mmoja lakini kinafika. Baadhi yao leo wanaendesha mitandao mikubwa Kampala na Juba. Wakinipigia simu hawasemi "it's not responding". Wanasema, "Mzee, kituo hakiitiki."

Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Nililojifunza: lugha haina kosa la aliyeitumia vibaya, lakini usimharakishe aliyeumizwa nayo. Mwache aichukue mwenyewe, siku yake ikifika.

Haya, mafundi wa humu. Huko kazini kwenu router, switch na server mnaziitaje? Na wewe uliyewahi kurudia lugha uliyoikataa, karibu utusimulie. Nasoma zote.