Mke Niliyemwoa Akiwa Mochari

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Je, umewahi kuoa kabla ya ndoa hii? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana, basi. Nikabonyeza hapana, nikaendelea na nambari ya simu na sanduku la posta. Mimi si mtu wa kubabaishwa na fomu. Nina kibanda cha fotokopi hapa Nchiru, karibu na geti la chuo, na fomu za watu nimejaza mpaka nimechoka: za mikopo ya masomo, za kazi, za cheti cha polisi. Mwanafunzi akianza kunieleza maisha yake huwa namkata. "Soma swali, jibu swali. Usiniletee hadithi."

Mke wangu alikuwa mmoja wa wanafunzi niliowafokea hivyo. Yeye alinifokea pia, ndiyo maana nikampenda. Alimaliza masomo ya unesi, akaenda Amerika kufanya kazi, akapata uraia wa huko, akarudi likizo tukaoana kwa msajili Meru mjini. Alirudi kazini akiwa na mimba. Binti yetu alizaliwa hukohuko, na mpaka wakati ninaousimulia sikuwa nimemshika hata kidole. Nilimjua kwa simu tu. Alikuwa ameanza kusimama akijishikilia viti, na akiniona alikuwa analamba kioo cha simu mpaka mama yake anapiga kelele.

Mke wangu ndiye aliyeniombea grinikadi, kibali cha kuishi huko. Karatasi zilipita polepole, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki intavyuu pale ubalozini Nairobi. Mtu mmoja nyuma ya dirisha angenitazama na kuamua kama ndoa yetu ni ya kweli au ni ya kutafutia njia. Akikataa, mtoto wangu angekua akidhani baba ni aina ya simu.

Sasa niseme habari za yule mwingine.

Kabla sijahamia Nchiru niliishi kwetu Gachoka na mwanamke ambaye hatukufanya naye sherehe yoyote. Njoo-tukae, watu huita. Alikuja jioni na begi lake, asubuhi akashika jembe. Tulipanda ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna, tukauza, tukagombana, tukacheka sana. Mahari ningepeleka mavuno yakiwa mazuri, kama wanavyosema wanaume wote wa upande wetu, na mvua ya kwetu Mbeere huja ikipenda. Alikuwa akinitania mbele ya watu, "Huyu mwanaume ataniacha nizeeke bila bei." Halafu kifua kikamshika. Tulimpeleka hospitali Embu tukidhani ni homa ya kawaida, na hakurudi.

Kwetu, mwanamke asiyelipiwa mahari ni msichana wa kwao. Wajomba zake walikuja wakaketi, wakakataa chai, wakaniambia wazi kwamba mtu hawezi kuzika asiye wake. Ama wamchukue wakamzike kwao, ama nimwoe. Nikamwoa. Yeye alikuwa mochari, na mimi nilikuwa nyumbani kwao na ndugu zangu na mbuzi.

Kuna kitu katika desturi yetu ambacho lazima ukijue. Kabla wazee hawajawapokea mbuzi, msichana huitwa mbele ya watu aulizwe, "Tuwale mbuzi hawa?" Akisema ndiyo, ndipo kisu kinatolewa. Bila neno lake hakuna ndoa. Siku ile baba yake mdogo aliuliza swali lile kwa sauti, kama inavyotakiwa, na watu wote wakanyamaza. Kimya kile, jamani! Mpaka mbuzi walinyamaza. Mwishowe mdogo wake, msichana wa shule, akasukumwa mbele na mama yao. Akasema, "Muwale." Kisha akakimbia nyuma ya jikoni akatapika. Tukala. Tukamzika kwangu, chini ya shamba la muguka, tukasimika msalaba mweupe ulioandikwa "mke mpendwa wa," halafu jina langu.

Haya, niambie wewe unayesoma: nilikuwa nimeoa, au sikuwa nimeoa?

Karani wa msajili alipotuandikisha Meru aliniuliza kama mimi ni kapera au mjane. Sikuwa na cheti chochote cha ndoa, kwa hiyo nikasema kapera, akaandika kapera. Na ukishaandikwa kapera kwenye karatasi ya kwanza, lazima uwe kapera mpaka ya mwisho. Sikuona ubaya wowote. Ubaya ulianza na picha.

Ubalozi unataka ushahidi kwamba mnapendana, na picha ni ushahidi. Tulikuwa na moja nzuri kuliko zote, tuliyopigwa Gachoka baada ya harusi: mke wangu na gauni la kijani, mama yangu anacheka bila meno, mimi nimevaa suti inayonibana. Mke wangu aliitazama kwenye simu, akaikuza, akaguna.

"Baba mtoto, ona pembeni. Msalaba unaonekana."

Kweli, ulionekana nyuma ya bega langu, na maandishi yakisomeka.

"Ukate," akasema. "Usinielewe vibaya. Mimi na marehemu hatuna ugomvi, hata maua nilimwekea. Lakini wale watu wakisoma neno mke hapo, tutaanza upya, au watatufungia kabisa. Mtoto anakua. Nimechoka kulala na simu."

Nikaichapisha picha, nikaukata kwa kisu cha karatasi cha kibandani kwangu. Kile kipande chembamba kilianguka sakafuni, nikakitupa pamoja na taka nyingine.

Wiki hiyo ndipo nilianza kusikia uteo.

Mara ya kwanza nilikuwa Gachoka mchana, jua kali, nimeenda kutafuta cheti changu cha kuzaliwa. Nikasikia mtu anapepeta ndengu nyuma ya nyumba. Chwa, chwa, chwa, kisha ananyamaza kidogo kama mtu anayeokota mawe, kisha chwa tena. Marehemu alikuwa akipepeta vivyo hivyo, kwa kusitasita, kwa sababu alikuwa anaongea huku anapepeta. Nikatoka kuangalia. Uwanja ulikuwa mtupu, na kuku wamelala kivulini. Nikajiambia ni upepo kwenye mabati. Lakini nilipokuwa Nchiru, kibandani, katikati ya wanafunzi wanaotaka kuchapisha noti, nikausikia tena. Nikadhani ni mashine. Nikaizima. Chwa, chwa. "Mzee, stima imepotea?" mwanafunzi mmoja akaniuliza, nami nikamwambia aende zake.

Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya mizimu siyapendi. Lakini nisikudanganye, niliogopa. Niliogopa mpaka nikaacha kula ndengu.

Mazoezi ya intavyuu tulifanya jioni kwa simu, mke wangu akiwa ametoka tu zamu. Alikuwa amekusanya maswali kutoka kwa wenzake waliopita njia hiyo. Ananiuliza kwa sauti kavu kama askari, nami najibu.

"Mke wako hunywa nini asubuhi?"

"Uji wa mtama, bila sukari."

"Mimi sinywi uji."

"Kahawa! Nilitaka kusema kahawa."

"Mke wako hulala upande gani wa kitanda?"

"Wa mlangoni, sababu anaamka mapema kukama."

"Kukama nini, wewe? Nakama nani huku?" Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Haya. Mke wako akikasirika hufanya nini?"

Nilijua jibu. Mke wangu akikasirika huosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Anaenda kwa mama yake, lakini hafiki. Anafika sokoni, ananunua sukari, anarudi."

Mke wangu akaweka kalamu chini. Nilimwona akitazama nyuma yangu, ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Ni nani anakujibia?" akauliza.

Nilimwambia nimechoka. Aliniamini au alijifanya kuniamini, na mtoto akalia tukakata simu. Nilibaki pale nimejawa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya marehemu. Nilimwambia kwa sauti, peke yangu kibandani, "Wewe, si nilikuoa? Si watu walikula? Unataka nini tena?" Hakunijibu. Uteo nao ukanyamaza siku hiyo, na kunyamaza kwake kukaniudhi zaidi.

Nikaenda kwa mama wa marehemu. Anaishi ng'ambo ya soko la Gachoka, mjane, kiuno kimepinda lakini ulimi umenyooka. Huwa nampelekea unga na majani chai. Nilimweleza kwamba safari imekaribia na kwamba wataniuliza habari za wake niliowahi kuoa.

"Na utawaambia nini, mwanangu?"

"Mama, karatasi zinasema sikuwa na mwingine."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuacha kuchambua. "Karatasi hazikula mbuzi," akasema. "Ni mimi nilikula. Nilikula mbuzi zako na mtoto wangu yuko kwa friji. Unajua nyama hiyo ilikuwa tamu namna gani? Nilimeza ndiyo awe na kwake. Ndiyo asilale kwa kaka zake kama mtu hakutakiwa."

Nikainamisha kichwa. Nilitaka anikemee, anilaani kidogo, nipate sababu ya kukasirika. Badala yake alinifungia mboga kwenye karatasi.

"Enda kwa mtoto wako," akasema. "Mtoto aliye hai ndiye huitisha maziwa. Lakini mimi usiniulize niseme hakuwa mke. Hiyo jiambie mwenyewe."

Siku ya intavyuu nilivaa suti ileile inayobana. Nilikuwa nimeamua, nakuapia. Hapana ni neno jepesi. Nilijirudia njia nzima kutoka Meru mpaka Nairobi: hapana, hapana, hapana, mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Nilichagua kuhojiwa kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu hutoroka nikiogopa. Nyuma ya dirisha alikaa afisa kijana, mwanamke Mmarekani mwenye mafua, na kando yake mama mmoja Mkenya wa kutafsiri. Niliinua mkono nikala kiapo. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Mlikutana wapi, mtoto ana umri gani, mke wako hunywa nini. Kahawa, nikasema, na vyombo vyake safi anaviosha tena akikasirika. Afisa akatabasamu. Alipitia picha zetu, akasimama kwenye ile ya gauni la kijani, akasema ni nzuri. Kisha yule mama akanitafsiria, "Umewahi kuoa kabla ya huyu?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, na sikuweza. Nilimwona yule msichana wa shule akisukumwa mbele ya watu.

"Ndiyo," nikasema. "Alikufa."

Afisa akatazama fomu, akanitazama mimi. Tabasamu likaisha. Akauliza alikufa lini, nikamwambia. Akauliza tulioana lini.

"Baada ya hapo," nikasema.

Yule mama hakutafsiri mara moja. "Baada ya hapo?" akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu wa nyumbani.

"Baada ya hapo, mama. Kabla ya kuzika."

Nikamwona ameelewa. Sijui ni wa kwetu au wa wapi, lakini alijua. Alimweleza afisa kwa muda mrefu, akionyesha na mikono, na afisa akawa anasikiliza huku kitambaa kiko puani, haandiki chochote. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Nilifikiria binti yangu analamba kioo. Nikasema moyoni, nimekwisha, nimewauza walio hai kwa ajili ya aliyekufa.

Afisa akauliza jambo moja fupi.

"Anauliza kama yeye alikubali," yule mama akasema. "Marehemu."

"Mdogo wake alimjibia."

Wakazungumza tena. Kisha yule mama akasogea karibu na dirisha, akasema polepole, "Anasema pole sana. Anasema mtu aliyekufa hawezi kuolewa, kwa sheria ya kwao na hata ya hapa. Kwa hiyo ulichojaza kwenye fomu kilikuwa sahihi, hukudanganya. Lakini anataka useme mwenyewe, ukiwa chini ya kiapo. Je, umewahi kuwa na mke mwingine?"

Nilikuwa nimesema ukweli, na sasa ukweli wenyewe ulikuwa umerudishwa kwangu niukatae. Nyuma yangu mtu alikohoa.

"Sema tu, baba," yule mama akaninong'oneza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hapana," nikasema. "Sikuwahi."

Afisa akaandika, akachukua pasipoti yangu, akaniambia hongera kwa Kiswahili kibovu.

Nilitoka nikavuka barabara, nikampigia mke wangu. Aliona uso wangu, akajua, akapiga vigelegele mpaka mtoto akaanza kupiga makofi. Mimi nilikuwa nalia, nalia kwa sauti mchana kweupe, watu wakipita wananikwepa.

"Lia tu, baba mtoto," akasema, naye machozi yanamtoka. "Tumengoja sana. Walikuuliza habari zake?"

"Waliniuliza."

"Ukasema?"

"Nilisema sikuwahi kuwa na mke mwingine."

Akafumba macho, akaweka kiganja kifuani. "Asante," akasema. "Asante sana, mume wangu. Najua haikuwa rahisi. Mungu akubariki." Alinishukuru tena na tena, akamfundisha mtoto naye aseme asante, na mtoto akajaribu.