Picha Iliyogoma Kushuka

Mdomo ninao, sikatai. Nilikuwa fundi simu pale Kariakoo, kwenye kibaraza cha duka la vitenge la mzee mmoja wa Kihindi, na mtaa mzima fundi mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwanamke asiye na mdomo pale asingemaliza wiki. Ilikuwa miaka ile biashara imeshafunguliwa, kila mwenye pasipoti anaenda Dubai na kurudi na mabegi ya simu za tachi, nyingine zimeshatumiwa na watu tusiowajua. Ubovu wa simu hizo ndio uliotulisha.

Tulikuwa na kadesturi ketu mafundi. Simu ikija imejaa, cha kwanza unafuta picha za Ijumaa. Unazijua: ua waridi, kuba la msikiti, maandishi ya Ijumaa Karim yanayometameta. Watu wanarushiana tangu alfajiri, hakuna anayezitazama mara mbili. Mimi mwenyewe Mwislamu, nazituma na nazifuta. Tuliziita takataka, Mungu atusamehe.

Jumamosi moja, saa nane mchana, akaja mama wa makamo ya mama yangu, anahema, simu kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna picha humu haifunguki. Nifungulie, kabla ya alasiri."

"Mbona haraka hivyo? Ya harusi?"

Ndiyo hiyo midomo yangu. Akasema taratibu, kama anayeogopa kusikiwa. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, anauza mitumba kwenye minada ya kusini. Asubuhi ile kapigiwa simu na mtu wa msikiti wa huko. Lori limepinduka, kijana mmoja kafariki, hana kitambulisho, mfukoni wamekuta karatasi yenye namba yake huyu mama. Wamempiga picha ya uso na kumtumia. Akisema ni wake, watamsubiri. Akisema si wake, au akikaa kimya, watamzika baada ya swala ya alasiri.

"Simu ya mwanangu haipatikani," akasema. "Lakini namba yangu huwa anawapa wenzake wanaokuja kuchukua mzigo. Anaweza kuwa yeyote."

"Hukuja na mtu?"

"Sijamwambia mtu. Kwetu Ilala unakujua. Nikifungua mdomo tu, turubai limeshafungwa na sufuria ziko jikoni. Nitamwekaje mwanangu matanga kabla sijajua kama kafa?"

Nikafungua ujumbe: kijiduara, neno "pakua". Nikabonyeza. Kikazunguka, kikazunguka, kikaandika imeshindikana.

"Mama, umezima data!"

"Nazima, inanimalizia bando."

Nikawasha. Nikabonyeza tena. Imeshindikana. Nikaingia kwenye setingi, na hapo nikasonya kwa sauti: kwa picha za meseji, simu ilikuwa bado na setingi za mtandao wa Uarabuni ilikotoka. Picha za namna hii zina njia yake kwenye mtandao wa simu, si ile ya intaneti inayoleta maua ya Ijumaa, na njia ikiwa si sahihi, utabonyeza mpaka kucha zitoke. Nikachukua daftari langu, nikaziandika za mtandao wetu, herufi kwa herufi. Nikakosea nukta moja. Nikafuta, nikaandika upya. Mzee wa Kihindi akatoka na kigoda, akamkalisha mama, akaenda kuzima redio ya dukani bila kuambiwa.

Nikazima simu, nikawasha. Ikachukua muda, jamani, ile simu, kuwaka! Saa tisa imeshapita. Nikabonyeza. Kijiduara kikaenda robo, kikaenda nusu, kikasimama.

Nafasi haitoshi.

"Ebo! Umejaza nini humu?" Nikafungua sehemu ya picha. Maua, maua, maua. Nikaanza kuyawekea alama yote kwa mpigo.

"Mwanangu, hayo ya Ijumaa usi..."

"Mama! Niache nifanye kazi. Unataka picha au hutaki?"

Nikabonyeza futa. Simu ikauliza, una hakika? Nikaijibu ndiyo.

Picha ikashuka. Nilikusudia nisiitazame, nikaitazama. Kijana kalala, macho yamefumbwa, kovu dogo juu ya nyusi. Nikamgeuzia mama simu, na nilikuwa naomba kwa moyo wangu wote aseme hamjui.

Akaishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole pale kwenye kovu.

"Ndiye," akasema. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ndiye."

Hakulia. Akanipa simu nimpigie yule mtu wa msikiti, akamwambia kwa sauti kavu, "Nisubirini. Nakuja kumzika mwenyewe." Yule akasema watasubiri. Wakati huo adhana ya alasiri ilikuwa inaanza.

Kisha akaniambia, "Sasa nifungulie ua la jana."

"Ua gani, mama?"

"La Ijumaa. Hapendi kuongea kwenye simu mwanangu, tangu mdogo. Kila Ijumaa ananitumia ua, najua mzima. La jana limekuja asubuhi nilipowasha data, nikiwa nachuja tui. Nifungulie nilione."

Nimeshawahi kuwadanganya wateja, nisijifanye mtakatifu. Nimewahi kusema kifaa hakipo na kiko mfukoni. Siku ile uongo haukunijia.

"Mama, nimeyafuta."

"La jana pia?"

"Yote."

Akanitazama. Nikamtaka anitukane, Wallahi. Ningepokea hata kofi.

"Nilikuwa nakwambia," akasema.

Nikaanza kumwomba radhi, machozi yakanishuka mbele ya wateja, mimi niliyekuwa nawacheka wanaolia. Akanyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akaninyooshea ile simu.

"Mtafute jirani yangu humo, jina la kwanza kabisa. Mwambie wafunge turubai. Mimi sitaweza."

Nikapiga. Yule jirani akapokea kwa furaha, akidhani ni shoga yake, akauliza, "Za toka jana?" Nikamwambia mimi ni fundi simu, kisha nikamwambia wafunge turubai.