Anwani kwa Herufi za Kiarabu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliiacha darasa la nne, nikaanza na boksi moja la plagi za magari barabarani, na leo nina depo ya vipuri Zone Industrielle, eneo la viwanda. Wenye diploma zao wananiamkia.

Kusoma nilijifunza madrasa, kwa hiyo herufi zangu hasa ni za Kiarabu. Magaraji ya Ngagara yalikuwa yakiniagizia kwa programu ya simu aliyoitengeneza binti mmoja wa Mutanga Sud. Nikaamua anwani ya tovuti yangu, ambako programu hiyo inapeleka oda, iwe jina la marehemu babu, kwa Kiarabu. Ile ya zamani sikuilipia tena, ikafa. Nikafungua mpya kwenye simu yangu: safi kabisa.

Kesho yake hakuna oda. Keshokutwa hakuna. Na nyumba yangu ilikuwa rehani benki kwa ajili ya kontena lililokwisha kufika bandarini. Bila mauzo, sina cha kulikombolea. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya depo nilidhani ni la benki. Mke wangu akauliza kwa nini sili. Nikamwambia nimefunga sunna, ile ya Jumatatu na Alhamisi.

"Leo Jumanne," akasema.

Mwishowe nikampigia fundi mmoja wa Ngagara.

"Eh, mzee, kumbe uko? Hapa wanasema umevuka mpaka, umekimbilia Uvira. Programu inasema duka haiko."

"Nani anasema nimekimbia?"

"Watu wote. Hata mi nilisema."

Maneno hayo yakifika benki, nyumba imekwenda. Nikamwita yule binti, akaja na kompyuta yake.

"Papa, tovuti iko. Programu ndiyo haijui njia."

Akanieleza: mtandao kwa ndani unaelewa herufi za Kilatini tu, kwa hiyo jina la Kiarabu lazima ligeuzwe kwanza. Nilipofungua tovuti kwenye simu, kivinjari kiligeuza chenyewe. Lakini programu yetu inapita kwenye maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine kwa kazi ya mtandao, na hiyo haigeuzi.

"Nilikuambia tujaribu kwanza. Ulinijibu nini?"

Nikazunguka nyuma yake kutazama kompyuta.

"Ulisema we si mutu wa kujaribu."

Akaongeza hatua ya kugeuza jina. Ikakataa. Nikamwinamia begani.

"Papa, kaa chini, unanipumulia shingoni."

Mara ya pili ikakubali. Lakini kila fundi alitakiwa kupakua programu upya, na nani atamaliza megabaiti zake kwa mtu aliyekimbia? Ikabidi nizunguke Ngagara, kartie kwa kartie, mtaa kwa mtaa, nikionyesha uso wangu na kuwanunulia megabaiti, nikichepuka kila nilipoona mtu wa benki njiani. Oda zikarudi pole pole. Kontena likatoka kwa kuchelewa, nyumba ikapona.

Jina la babu likanigharimu kazi ya binti, megabaiti za mafundi na faini ya bandari: faranga milioni moja, laki mbili, elfu kumi na saba na mia tano.