Neno la Taruma na Safari Niliyoituma kwa Kikapu

Baba alikuwa nyapara wa genge la kutengeneza reli ya Butere. Wiki nzima alilala kambini karibu na Maseno. Nyumbani Kisumu tulimwona Jumapili. Katikati ya wiki mama alimtumia unga na omena, vile vidagaa vya ziwani, kwa kikapu, na gadi wa treni alikishusha pale kambini bila kudai chochote. Wake wote wa genge walifanya hivyo.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuanza kazi rasmi ya kukalia kochi.

Jumapili moja baba akaniuliza kwa nini Mzungu huita taruma, lile gogo la kubeba reli, "sleeper", yaani mlalaji. Wanaume wake walishikilia kwamba ni kwa ajili ya vibarua wa zamani waliosinzia juu yake.

"Wewe ndiye umesoma," akasema. "Nimewaambia utatuamulia."

Kamusi kubwa ilikuwa kwa mwalimu wangu wa zamani, mtaa wa Milimani, hapo hapo Kisumu. Nilifika huko baada ya wiki tatu, safari yangu ndefu kuliko zote mwaka ule. Kumbe neno ni la kale kuliko treni: mafundi wa nyumba waliita hivyo boriti inayolazwa chini kubeba sakafu. Nikaandika barua nzuri, nikaichomeka kando ya unga.

Gadi alirudisha kikapu akicheka.

"Nimewasomea. Wanabisha, wanasema barua haiulizwi maswali. Mzee anakutaka Jumamosi, useme mbele yao. Ndevu ameshanyoa kwa ajili yako."

Jumamosi nilifika stesheni, shati limepigwa pasi, mkononi kikapu alichonifungia mama. Treni ikapiga honi. Nikawaza benchi gumu, jua, wale wanaume na maswali yao. Nikampa gadi kikapu.

"Omera, ndugu yangu, na wewe je?"

"Wiki ijayo."

"Hata omena imekushinda kusafiri," akasema, akapanda.

Wiki iliyofuata ilikuwa mvua. Ile nyingine, sijui nini. Kisha baba akahamishiwa mbali, kupita Nakuru, na genge likapewa nyapara mwingine. Hakuniuliza tena habari za neno lile. Siku chache alizopata kuja tuliongea mambo ya mahindi.

Sasa baba hayupo, na ile kambi wameng'oa mabati. Asubuhi nyingine, mke wangu akienda sokoni, nasimama jikoni na kusema kwa sauti, "Wazee wangu, neno hili lilianzia kwenye nyumba, si kwenye reli."

Nangoja wabishe.